Wikiendi Lushoto

Ukipanga kwenda Lushoto likizo ya Juni, anza na sweta. Sisi wa Tanga tumelizoea joto, lakini katika milima ya Usambara, Juni na Julai ni miezi ya baridi kali. Mimi humpeleka mama yangu alikozaliwa. Ana miaka 70, na magoti humuuma kwenye baridi, hivyo blanketi lake hutangulia begini. Huondoka Ijumaa asubuhi, ili tuipande barabara yenye kona nyingi kutoka Mombo, yapata kilomita 33, mchana kweupe. Jumamosi huenda Irente, tukaitazama nyika kwa chini. Nauli ya kurudi huitenga kabla hatujagusa mboga sokoni. Nawe itenge mapema.