Kutoka Kibera Hadi Umaasaini

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga. Lakini wakazi wa Kibera na Kawangware wanajua fika kwamba si kila mgeni humwacha mwenyeji akiwa amepona. Kwa miaka mingi mitaa hii ya Nairobi imepokea vijana wa makanisa ya ng'ambo wanaokuja kwa juma moja au mawili, wakapaka rangi ukuta wa shule, wakapigwa picha na watoto, kisha wakarudi kwao wasionekane tena. Kwa hivyo kijana wa Kibera anapopanda basi la kanisa kwenda kuhubiri Umaasaini, huwa tayari ana somo ambalo wahubiri wengi hawana. Anajua jinsi mtu anavyojisikia anapotazamwa na kuhurumiwa.

Safari yenyewe si ndefu. Ukitoka Kawangware unashika Dagoretti Corner, unafuata barabara ya Ngong, unapita Karen hadi Ngong mjini, kisha Kiserian. Hapo barabara ya Magadi huteremka Bonde la Ufa. Ubaridi wa vilima vya Ngong hubaki nyuma, joto likakupokea, na badala ya mabati unaona migunga na makundi ya mbuzi.

Msomaji, usidhani hapo umefika ugenini kabisa. Jina Nairobi lenyewe ni la Kimaasai, lenye maana ya maji baridi. Kibera nalo ni neno la Wanubi, wazao wa askari wa Sudan waliopewa makao hapo na Waingereza, na maana yake ni msitu. Mapatano ya mwaka 1904 na 1911 yaliwaondoa Wamaasai kwanza Naivasha na Nakuru, kisha Laikipia, wakasukumwa kusini. Ukame mkali wa 2009 ulipoua mifugo, baadhi ya wafugaji walileta ng'ombe wao kutafuta nyasi hadi mitaa ya jiji. Wengi waliwaona kama wavamizi, ilhali jiji ndilo lililoota juu ya malisho.

Anayefahamu hayo hashuki basini akiwa na haraka. Kwanza huwaona wazee, maana bila wao hakuna mkutano. Akiambiwa "Sopa" hujibu "Epa". Watoto wakimwinamia huwagusa utosini, kwa kuwa ndiyo heshima yao. Akipewa chai ya maziwa hunywa, na huuliza habari za mvua na mifugo kabla ya kufungua Biblia. Tena huangalia nani hufanya kazi gani: akina mama ndio wajengao nyumba kwa udongo na samadi, na ndio wachotao maji. Kijana wa Kibera, aliyezoea kupanga foleni na mtungi wake, akiwasaidia kubeba maji atakuwa ameanza mahubiri bila kusema neno.

Padri Vincent Donovan, Mmarekani aliyefanya kazi Loliondo, Tanzania, alijifunza jambo kama hilo. Mwaka 1966 aliona kwamba misheni ilikuwa na shule na hospitali, lakini hakuna aliyekuwa akizungumza na Wamaasai juu ya Mungu. Akaanza kuzuru maboma. Baada ya mafundisho ya muda mrefu alitaka kubagua nani abatizwe na nani aachwe. Mzee mmoja, Ndangoya, alimkatalia. Wavivu walikuwa wamesaidiwa na wenye bidii, na wasioelewa wakasaidiwa na walioelewa. Boma lote lilikuwa limeamini pamoja. Padri alikubali, na habari hizo akaziandika katika kitabu mwaka 1978. Mwalimu akawa mwanafunzi.

Funzo hilo halihitaji nauli kubwa. Wamaasai wengi wanalinda malango ya matajiri wa Nairobi usiku kucha na kupanga vyumba mitaani kama Kawangware. Vijana hufunga safari kuwatafuta jamaa zao Magadi, ilhali jirani huyu hawajui hata jina lake. Kikundi cha kanisa kingeanza kwake: kimsalimie, kimwalike, kimuulize nyumbani ni wapi na ng'ombe wamebaki wangapi. Yeye ndiye atakayekipeleka kwa wazazi wake. Na ukame ukija tena, kikundi hicho kirudi huko bila kamera, kikawaulize wazee hali.