Chakula cha Watu na Chakula cha Magari

Ukisafiri kwa basi kutoka Nairobi kwenda Mombasa huna budi kupita Kibwezi. Nchi yenyewe ni kavu, udongo wake ni mwekundu, na mibuyu imesimama mbalimbali. Huko, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka barabara kuu, ndiko liliko shamba la baba yangu, ekari tano kwa jumla. Upande mmoja wa shamba hilo una ua wa mimea ya kijani ambayo mbuzi hawaili, hata mwaka wa njaa. Mimea hiyo ni mibono, ile ambayo wenzetu wa Tanzania huiita mbono kaburi. Nataka nikusimulie namna ilivyofika pale, maana ni kwa sababu yake mimi, mwalimu wa lugha, nimejikuta miaka mingi nikifuatilia habari za mafuta ya magari na fedha ambazo serikali za mbali huwapa wakulima wao.

Mwaka wa 2007 nilikuwa Kidato cha Pili. Siku moja ya likizo ya Agosti wageni wawili walifika kijijini kwa gari jeupe, wakakutana na wazee chini ya mkwaju ulio karibu na soko. Walisema kwamba petroli ya dunia inakaribia kwisha. Kwamba magari ya kesho yatakunywa mafuta yaliyokamuliwa katika mbegu za mbono. Na kwamba mti huo huota hata penye mawe, hautaki mvua nyingi, wala mbolea, wala palizi. Wao wangeuza mbegu, wakulima wangepanda, na mavuno yote yangenunuliwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi tulikuwa tukingoja kupona tangu zamani.

Wageni waliacha karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Baba hakusoma zaidi ya darasa la nne; basi jioni ile alinikalisha karibu na taa ili nimfasirie kwa lugha yetu ya nyumbani. Hapa nakuomba unisikilize vizuri, kwa kuwa nina neno la kuungama. Palipoandikwa kwamba mkulima huenda akavuna kilo kadhaa kwa kila mti, mimi nilisema kwamba atavuna. Palipoandikwa kwamba bei itategemea soko, nilisema kwamba soko lipo. Sikukusudia kudanganya. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na sita, nilipenda kusikilizwa na baba yangu, na maneno kama "huenda" na "itategemea" yalikuwa yakiharibu utamu wa habari.

Mama aliuliza swali moja tu: "Huo mbono hupikwaje?" Hakuna aliyemjibu. Mvua za vuli zilipokaribia, ekari mbili ambazo kila mwaka zilikuwa za mahindi na kunde zilipandwa mbono.

Wakati huo huo, mbali sana na Kibwezi, mambo ya namna hiyo yalikuwa yakitendeka kwa kipimo ambacho akili yangu isingeweza kukikadiria. Nchini Marekani, sheria ya mwaka wa 2005 na nyingine ya 2007 ziliagiza kwamba petroli ichanganywe na nishati itokanayo na mimea, na kiasi chake kiongezwe mwaka hata mwaka. Sehemu kubwa ya nishati hiyo ni ethanoli, yaani spiriti, na ethanoli ya huko hutengenezwa hasa kwa mahindi. Aliyechanganya alipunguziwa kodi ya senti 51 kwa kila galoni, na baadaye senti 45. Na ethanoli iliyotoka nje, hasa ile ya miwa ya Brazili, ilitozwa ushuru wa senti 54 kwa galoni ili isije ikaishinda ya nyumbani. Msaada wa serikali kama lile punguzo la kodi ndio uitwao ruzuku. Punguzo hilo na ushuru huo vilikoma mwisho wa 2011, lakini amri ya kuchanganya ilibaki, na hata leo zaidi ya thuluthi moja ya mahindi ya Marekani huingia katika mitambo ya ethanoli.

Hesabu hii nimekwisha kuwafanyia wanafunzi wangu ubaoni, nawe ifanye pia. Gunia la mahindi la kilo 90 hutoa lita 37 hivi za ethanoli. Gari dogo lenye tangi la lita 50 litameza, kwa kujazwa mara moja tu, gunia zima na kama thuluthi ya gunia la pili. Wala halitakwenda mbali kama ambavyo lingekwenda kwa petroli, kwa sababu lita ya ethanoli ina nguvu ya kiasi cha thuluthi mbili tu ya lita ya petroli. Gunia hilo moja ni karibu mahindi anayokula Mkenya mmoja kwa mwaka mzima. Haki inataka niongeze kwamba si mahindi yote yanayopotea: karibu thuluthi ya uzito wake hubaki kuwa machicha, yakakaushwa na kulishwa ng'ombe. Watetezi wa ethanoli hulitaja jambo hili, nao wana haki ya kulitaja. Wapinzani aghalabu hulisahau. Mimi mwenyewe nililisahau kwa miaka mingi, na nilipendezwa kulisahau.

Mwezi wa Januari 2007 maelfu ya watu waliandamana katika Mexico City kwa sababu bei ya tortila, chapati yao ya mahindi, ilikuwa imepanda. Mwaka uliofuata bei za nafaka zilipanda karibu kila mahali, na pipa la mafuta ghafi likapita dola 147 mwezi wa Julai. Wataalamu walibishana, na wangali wakibishana, ni sehemu gani ya kupanda huko iliyoletwa na ethanoli, na ni sehemu gani iliyoletwa na ukame, na bei ya mafuta, na nchi zilizozuia nafaka zao zisiuzwe nje. Tena mahindi ya Marekani ni ya manjano, zaidi ni chakula cha mifugo, na sisi hula meupe. Lakini bei hazijui rangi.

Turudi Kibwezi. Mwaka wa 2009 mvua ilikosekana, na ukame ule wakulima wengi wa Kenya hawajausahau. Mbono haukufa; katika hilo wageni walisema kweli. Ila mti kutokufa ni jambo moja, na mti kuzaa ni jambo jingine. Mwaka wa tatu tulipata magunia yasiyotimia mawili ya mbegu katika ekari zote mbili. Wageni hawakuja kuyanunua, na nambari ya simu iliyokuwa chini ya karatasi haikupatikana tena. Mama alianza kununua unga wa paketi dukani, jambo ambalo hakulizoea, naye alikuwa akiufunika kwa leso njiani ili majirani wasiuone. Baadaye nilisoma kwamba utafiti uliofanywa kwa wakulima wa Kenya, ukatolewa mwaka ule ule wa 2009, ulionyesha kwamba mbono hauwalipi wakulima wadogo, nao walishauriwa waupande kuwa ua tu. Ushauri ulikuwa mzuri. Sisi tulikuwa na ua wa ekari mbili.

Nilipotoka chuo cha ualimu nilikuwa nimekwisha kukata shauri: ardhi ni ya chakula, na anayetaka mafuta akayachimbe kwingine. Kisha, kama walimu wengi wa rika langu, nilipelekwa kufundisha mbali na kwetu, katika nchi ya miwa upande wa Muhoroni. Huko mwaka jana niliandaa mdahalo wa Kidato cha Tatu. Hoja niliitunga mwenyewe, na sasa naona kwamba niliitunga kwa upendeleo: "Ni dhambi kugeuza chakula kuwa mafuta ya magari."

Watetezi wa hoja walisema yale niliyotazamia. Ndipo aliposimama msichana mmoja, mtoto wa mkulima wa miwa, ambaye darasani si msemaji sana. "Mwalimu, na wenzangu," akasema, "nani hapa amewahi kula ugali kwa molasi?" Wakacheka. Akaeleza kwamba muwa ukishatolewa sukari hubaki uji mweusi, mzito, usiokuwa na nafasi mezani. Kwamba Muhoroni pana kiwanda cha kuugeuza uji huo kuwa spiriti tangu miaka ya 1980. Na kwamba katika miaka ile magari ya Nairobi yalitiwa petroli iliyochanganywa na spiriti, sehemu moja kwa kumi, mpaka mpango ukaachwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kuwa bei haikuwa na faida. "Hapo ni chakula cha nani kilichochukuliwa?" akauliza. "Baba akilipwa fedha za miwa kwa wakati, sisi hununua chakula." Safari hii hakucheka mtu, kwa maana kuchelewa kwa malipo ya miwa si jambo la kuchekesha katika nchi ile.

Hoja yangu ilishindwa kwa kura nyingi. Jioni nilikaa na kutafuta hesabu nyingine. Tani moja ya miwa hutoa sukari, na baada ya sukari hutoa molasi ya kutosha lita 10 hivi za ethanoli. Ukiacha sukari na kugeuza maji yote ya muwa, utapata lita 70 au zaidi, na ndivyo Brazili ifanyavyo kwa sehemu kubwa ya miwa yake tangu ilipoanzisha mpango wake mwaka wa 1975. Lakini Brazili ina sukari ya kuiuzia dunia, nasi hununua sukari ya nje. Basi lita zile 10 twaweza kuzichukua bila kumpokonya mtu. Zile 70 zingetoka katika chai yetu. Hata lita 10 nazo zina gharama, kwa kuwa kila lita ya spiriti huacha nyuma lita 10 au zaidi za maji meusi yenye harufu, na maji hayo yasiposafishwa huua samaki mtoni. Nilimweleza msichana yule kesho yake. "Hilo nalijua, mwalimu," akajibu. "Ndiyo maana sikusema kwamba ni bure."

Wala sasa siipingi ruzuku kama nilivyokuwa nikiipinga. Baba yangu mwenyewe alinunua mbolea ya serikali mwaka wa 2023, mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 2,500, ilhali mwaka uliotangulia bei ya dukani ilikuwa imepita shilingi 6,000. Unga nao ulipewa ruzuku mwaka wa 2017, paketi ya kilo mbili kwa shilingi 90, na tena mwaka wa 2022 kwa shilingi 100. Yote miwili ilikuwa miaka ya uchaguzi, nawe waweza kujumlisha mwenyewe. Ninaloliona ni kwamba ruzuku haiondoi hasara, huihamisha tu. Mkulima wa Iowa alipopanda mahindi ya ethanoli, sheria ya nchi yake ilikuwa imekwisha kumtafutia mnunuzi. Baba alipopanda mbono, hasara yote ilikuwa juu ya ekari zake mbili, na mdhamini wake alikuwa mtoto aliyefasiri vibaya.

Desemba iliyopita nilimweleza habari ya karatasi ile. Alikuwa ameketi akinoa panga. Mibono aliing'oa mwaka wa 2012, akaacha mstari mmoja mpakani, na ekari zile siku hizi zina ndengu.

"Nilijua," akasema. "Hakuna mti usiotaka mvua."

"Basi kwa nini ulipanda, baba?"

"Nilikuwa na karo ya watoto watatu. Mahindi ya ekari tano hayakuwahi kulipa karo hata mwaka mmoja." Akalijaribu panga kwa kidole gumba. "Na kuna neno moja ulilonifasiria sawasawa, kwamba mbuzi hawauli."

Kisha akanipa panga lile, nikaenda kukata matawi ya mbono yaliyokuwa yameziba njia ya ng'ombe.