Vuli ya Mgeta

Katika vitabu vilivyotafsiriwa, vuli ni msimu wa majani kupukutika. Kwetu sisi wa pwani vuli ni mvua, zile za Oktoba hadi Disemba, fupi kuliko masika. Na ndiyo vuli aliyoichagua mama yangu kwa safari ya siku moja: kutoka nyumbani kwetu Mnazi Mmoja hadi Mgeta, katika milima ya Uluguru, alikozaliwa na asikokanyaga tangu mimi nikiwa mchanga.

Nilimsihi angoje kiangazi. Njia ya kupanda mlima kutoka Mlali ina kona na utelezi, na magoti yake si ya kutegemea tena. Aliposhikilia lake, nikampangia kwa karatasi: alfajiri treni ya umeme, ambayo tangu Juni 2024 hutufikisha Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili, kisha gari hadi Nyandira, saa mbili za kukaa, jioni turejee stesheni.

"Saa mbili?" akauliza. "Mwanangu, hizo hazitoshi hata salamu."

Mlima huo tunaula kila siku. Kabichi ikiletwa kutoka Kariakoo, mama huigeuzageuza na kuuliza kama ni ya Mgeta. Akimenya njegere hunisimulia matuta yaliyopandana kama ngazi. Tunaunywa pia: mto Mgeta huingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inywewayo mjini hapa. Mwaka 2022 mvua zilipochelewa, mto ukapungua, tukawa tunapata maji kwa mgawo. Sisi tulilalamikia bomba. Yeye aliulizia mvua ya kwao.

Kwa Waluguru ukoo hufuata mama. Mimi niliyejihesabu mtu wa pwani kumbe ni wa huko, na sijui hata lilipo kaburi la bibi yangu. Anayelijua ni mama peke yake. Hilo sikuliandika katika karatasi yangu ya saa na nauli, nalo ndilo lililonifanya niache kubishana habari ya kiangazi.

Nimenunua mwavuli mkubwa na sweta mbili. Tukijaaliwa, tutaondoka Jumamosi. Mama hakuuliza tutarudi saa ngapi. Ameomba kiti cha kushoto tu, upande ambao milima huanza kuonekana kabla ya kufika Morogoro.