Mvua na Mzinga: Toka Gitega Hadi Muyinga
Msafiri atokaye Gitega, katikati ya Burundi, kwenda Muyinga karibu na mpaka wa Tanzania, hupita kati ya migomba, mibuni na mikaratusi. Yote hiyo ni malisho ya nyuki.

Kiangazi huanza Juni. Mvua zirejeapo, yapata Septemba, mibuni huchanua na kutoa mbochi, yaani maji matamu ya maua. Lakini mvua ikizidi, mbochi huzimuka, nao nyuki hushinda mzingani wakila akiba yao. Ikikosekana, maua hunyauka.

Ndiyo maana mrina asali mwenye busara hakombi masega yote. Akiyakomba, nyuki watakufa njaa au watahama, naye atabaki na mzinga mtupu. Wahenga walisema, akiba haiozi. Tusiwapokonye nyuki ya kwao.