Mzee Aliyepewa Nafasi ya Kijana

Barua ile ilisukumwa chini ya mlango wa ofisi yangu asubuhi ya Jumatatu, imekunjwa mara nne, na ndani yake mlikuwa na saini 31. Wanafunzi wa mwaka wa pili wa somo la historia ya siasa za Zanzibar walikuwa wakiomba, "kwa heshima na taadhima," wabadilishiwe mwalimu. Mwalimu wao wa mwanzo, kijana wa miaka 33, alikuwa amepata ufadhili wa masomo ya udaktari wa falsafa na akaondoka katikati ya mwaka. Nafasi yake nilimpa mzee mmoja mstaafu aliyerejeshwa kwa mkataba. Nasema "nilimpa" kwa kuwa mwenye kupanga ratiba ya idara ni mimi, na nitalirudia jambo hilo kabla sijamaliza.

Niliisoma barua mara mbili nikitafuta kosa. Hawakusema popote kwamba mzee haingii darasani, au hajui anachokifundisha, au hasahihishi kazi zao. Walisema sauti yake ni ndogo. Walisema hatumii projekta. Walisema mwalimu aliyeondoka "alikuwa anatuelewa." Na mwisho kabisa waliandika: "Tunamheshimu kama baba yetu, ila umri wake haumruhusu."

Nikavua miwani. Sentensi ile nilikuwa nimeshaisikia, kwa lugha nyingine na katika nchi nyingine, na siku ile niliyoisikia nilicheka.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2013. Nilikuwa mwanafunzi wa udaktari Uingereza, nikiishi nyumba moja na wenzangu wanne wa mataifa mbalimbali. Jua la kiangazi kule halina huruma na mwenye kufunga; Jumapili ya tarehe 4 Agosti lilikuwa halitazama mpaka karibu saa tatu za usiku. Saa moja jioni nilikuwa nimejinyoosha sebuleni, tende zangu zimo kisahanini zikinitazama, na wenzangu wamejazana mbele ya televisheni. BBC ilikuwa imetenga kipindi kizima, moja kwa moja hewani, kutangaza jambo moja tu: nani atakuwa Daktari mpya katika tamthilia ya Doctor Who.

Kwa msomaji asiyeijua, tamthilia hiyo ilianza kuoneshwa tarehe 23 Novemba 1963. Mhusika wake mkuu ni kiumbe wa sayari nyingine mwenye sura ya binadamu, anayesafiri katika nyakati kwa chombo chenye umbo la kibanda cha polisi cha rangi ya buluu. Mwaka 1966 mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, alizidiwa na maradhi, na watunzi wakabuni hila ambayo ndiyo iliyoipa tamthilia umri mrefu: Daktari anapofikia kufa hafi, bali huvua mwili wake na kuvaa mwingine. Hartnell akatoka, Patrick Troughton akaingia. Wapo watazamaji waliolalamika siku hizo, na wapo waliolalamika kila mara tangu hapo.

Basi jioni ile jina likatajwa: Peter Capaldi, Mskoti wa Glasgow, umri miaka 55. Aliyekuwa akiiacha nafasi ni Matt Smith, ambaye alipochaguliwa mwaka 2009 alikuwa na miaka 26, na hakuna aliyewahi kuishika nafasi hiyo akiwa mdogo kuliko yeye. Msichana mmoja wa nyumbani mwetu, mwanafunzi wa kemia, alijifunika uso kwa mto wa kochi. "Lakini huyu ni babu!" alisema. Yule kijana aliyeondoka alikuwa amebandikwa picha yake mlangoni mwa chumba chake. Mimi, kwa njaa na kwa ujinga, nikaangua kicheko na kumwambia kwamba kwetu umri wa miaka 55 ndio mtumishi wa umma anaporuhusiwa kustaafu kwa hiari, na akifika 60 hana hiari tena. Pale mwanamume alipokuwa akianza safari za sayarini, kwetu angekuwa anapiga hesabu ya kiinua mgongo.

Kicheko kile hakikutoka kwake peke yake. Siku zilizofuata mitandao ilijaa manung'uniko ya vijana waliomwona mzee mno, na furaha ya watu wazima waliokulia na tamthilia hiyo zamani na wakaona imerejea kwao. Jambo ambalo msichana wa kemia hakulijua, na mimi sikulijua mpaka niliposoma baadaye, ni kwamba Hartnell naye alikuwa na miaka 55 tamthilia ilipoanza. Uzee ndio uliotangulia katika nafasi ile. Capaldi mwenyewe alikuwa mpenzi wa Daktari tangu utotoni. Mwaka 1974, akiwa na miaka 15, jarida moja la vipindi vya redio na televisheni lilichapisha barua yake ya kulisifu toleo lake maalumu juu ya tamthilia hiyo. Aliyeitwa babu alikuwa ameingoja zamu yake kwa takriban miaka arubaini.

Nimejiuliza kwa nini sisi hatujapata kuwa na mjadala wa namna ile, na visiwa hivi vilikuwa na televisheni ya rangi miaka ya sabini, wakati Tanzania Bara ilingoja mpaka mwaka 1994. Jawabu ninalolipata ni kuwa kwetu Afrika Mashariki nafasi huzikwa na mwenyewe. Alipofariki Benson Wanjau mwaka 2015, Mzee Ojwang wa Vitimbi alikwenda naye; Wakenya wengi walikuwa hata hawalijui jina lake jingine. Mwaka 2018 Amri Athumani akaondoka na King Majuto wake. Mwaka 2020 Charles Bukeko akaondoka na Papa Shirandula. Mwezi Aprili wa mwaka ule ule wa 2013, miezi minne kabla ya jioni ninayoisimulia, tulimzika Bi Kidude, na hakuna aliyediriki kuuliza nani anaichukua nafasi yake. Huyo aliimba mpaka uzeeni kabisa na umri wake ukawa sehemu ya sifa yake. Uzee wa mtu aliyezeekea mbele ya macho yetu hautusumbui. Unaotusumbua ni wa yule anayeingia nao.

Tabia hii ya kuifanya nafasi na mtu kuwa kitu kimoja imo maofisini mwetu vilevile. Mtumishi mpya hukabidhiwa meza ambayo kwa miaka mitano itaitwa meza ya fulani aliyehama.

Nairejea tamthilia, kwani ilifanya jambo ambalo mimi sikulifanya. Kipindi cha kwanza kamili cha Capaldi kilioneshwa tarehe 23 Agosti 2014, na watunzi walijua fika watazamaji wao wanasema nini. Wakayatia manung'uniko ndani ya hadithi. Clara, msichana anayesafiri na Daktari, anaona rafiki yake amekuwa mtu mwenye mvi na nyusi za ukali, na hamtaki. Anaambiwa na mwenzake kwamba anahukumu kwa sura. Anakasirika, kama akasirikavyo mtu aliyeguswa penyewe. Karibu na mwisho simu inalia. Anayepiga ni yule Daktari kijana, kutoka wakati uliopita, kabla hajabadilika: anamwomba amsaidie huyo atakayemkuta, kwani naye ana hofu. Kisha mzee anamwambia Clara kwamba anamtazama lakini hamwoni, na anamsihi amwone. Siku ile sebuleni msichana wa kemia hakujifunika mto. Alilia, na picha ya mlangoni ikabaki palepale miezi mingine mingi.

Sasa nije Unguja. Nilikaa na barua ile mfukoni siku tatu. Nakiri kwamba fikra yangu ya kwanza ilikuwa kumwondoa mzee kimyakimya, kwa kisingizio cha mgongano wa ratiba. Nilikuwa hata na sababu za kujitetea. Nimeshaandika hapa zaidi ya mara moja dhidi ya wazee wanaong'ang'ania viti, na dhidi ya mikataba ya wastaafu inayotolewa huku wahitimu wetu wakihesabu magari barazani. Sifuti hata neno moja. Lakini nilijua, na hapa ndipo roho iliponisuta, kwamba katika shauri hili hapakuwa na kijana aliyezuiwa mlango. Tulitangaza, hatukumpata mwenye sifa kwa muda ule mfupi, na mzee alikubali kwa malipo ambayo kijana angeyakataa.

Siku ya Alhamisi baada ya magharibi nilimfuata Jaws Corner, pale Mji Mkongwe, ambapo yeye huwa haikosi kahawa yake. (Vijana wengi hawajui kuwa mahali pale pamepewa jina la filamu ya papa iliyokuwa ikioneshwa hapo barazani.) Nikamwamkia, akaniitikia, akanisogezea kikombe na kipande cha kashata. Nikazungukazunguka na habari za mvua. Akanikatiza.

"Mwanangu, umekuja na kitu. Kitoe."

Nikampa barua. Aliisoma chini ya taa polepole, akatoa kalamu katika mfuko wa kanzu na akasahihisha mahali pawili palipokosewa. Kisha akaikunja.

"Wameandika vizuri," akasema. "Sauti yangu kweli ni ndogo. Hebu niambie, siku uliyonipa somo hili, uliwaambia nini hawa watoto?"

Sikuwa na jawabu. Sikuwaambia chochote. Nilibadilisha jina katika ratiba iliyobandikwa ukutani, nikaenda zangu. Jumatatu moja waliingia darasani wakimsubiri kijana wanayempenda, akaingia mtu mwingine na begi la ngozi, akafungua daftari. Hawakuagwa na aliyeondoka wala hawakutambulishwa kwa aliyekuja. Walikuwa na huzuni isiyo na jina, na walipolitafuta jina lake, wakaliona lililo karibu zaidi: umri.

"Basi barua hii si yangu," mzee akasema, na akanirudishia. "Ni yako."

Usiku ule nilimpigia simu kijana wetu huko aliko. Nilimweleza yote, na nikamwomba, bila ya kumtajia Daktari wala Clara, azungumze na wanafunzi wake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema alidhani mimi nilishawaaga kwa niaba yake. Kesho yake kundi la WhatsApp la darasa lilipokea sauti yake, dakika nne na nusu. Aliwaomba radhi kwa kuondoka kimya. Akawaambia kuwa somo walilolipenda alilisoma kwa mzee huyo huyo miaka kumi nyuma, na kwamba slaidi zake nyingi zilitoka katika daftari wanalolidharau. Ziko sehemu, alisema, ambazo yeye anazifundisha kwa kubahatisha, na mzee anazifundisha kwa kukumbuka.

Sitaki msomaji adhani sauti ile ilimaliza mambo. Wanafunzi sita hawakurudi darasani mpaka muhula ulipokwisha, na mmoja wao ni kijana makini ambaye hoja zake juu ya mikataba ya wastaafu bado sijaweza kuzijibu zote.

Jumatatu iliyofuata niliingia mimi kwanza. Nilisimama mbele ya wale waliokuja nikawaeleza kilichotokea na nani aliyekosea. Msichana mmoja aliyekaa nyuma alinyoosha mkono.

"Maalim wetu wa mwanzo atarudi lini?"

"Miaka mitatu, Mungu akipenda. Wewe utakuwa umeshahitimu."

Akaitikia kwa kichwa, akainamia simu yake. Nilitamani niwe na neno jingine la kumpa, sikuwa nalo.

Mzee akaingia. Nilikuwa nitoke, nikakaa kwenye kiti cha mwisho. Hakusema lolote kuhusu barua. Somo lilikuwa juu ya mwanzo wa mwaka 1984, wakati uliokuja kuitwa wa kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa, Rais Aboud Jumbe alipojiuzulu na Ali Hassan Mwinyi akashika nafasi yake. Kijana wetu aliyeondoka hakuwa amezaliwa. Mzee alikuwa karani mdogo wa serikali. Wiki ile, alisema, ofisini kwao watu walisalimiana kwa muda mrefu kuliko kawaida, kila mmoja akimpima mwenzake, na nyumbani redio ilifunguliwa sauti kubwa ili mazungumzo yasivuke ukuta. Alizungumza kwa sauti ile ile ndogo. Watu wanne walihama kutoka nyuma wakaenda kukaa mstari wa mbele. Wengine wakabaki walipo, wamenyoosha shingo.

Saa yake ilipokwisha alikuwa hajamaliza. Wiki iliyofuata nilipita nje ya darasa nikamwona amesimama mlangoni anafuta miwani kwa ncha ya kanzu.

"Tulifika wapi?" akauliza.

"Dodoma, Maalim," akajibu mmoja wao. "Jumbe ameshaingia kikaoni."