Kupima Presha Nyumbani

Neno presha limeingia katika Kiswahili likiwa na ila moja. Kwa asili yake lingetaja jambo ambalo kila mwenye uhai analo, yaani nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Katika vinywa vya watu, hata hivyo, limekuwa jina la ugonjwa. Husemwa kwamba fulani ana presha, kana kwamba wazima hawana. Tena husemwa kwamba deni limempa mtu presha, au mtoto anampa mama yake presha. Hivyo katika fikira za wengi ugonjwa huu umefungwa kamba moja na wasiwasi, hasira na moyo kwenda mbio. Shinikizo la damu ni istilahi bora zaidi, lakini makao yake ni vitabuni na katika taarifa za habari. Katika Soko la Majengo pale Dodoma ni adimu kulisikia.

Ila hiyo haiishii katika lugha. Mtu aaminiye kwamba presha ni kitu cha kusikika mwilini hungoja kukisikia. Akiumwa kichwa hupima, asipoumwa hapimi. Kumbe damu isukumayo kupita kiasi aghalabu haina dalili, nayo huweza kudhuru moyo, figo, macho na ubongo kwa miaka mingi bila ya mwenyewe kujua. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2021 kwamba watu wazima bilioni 1.28, wa umri wa miaka 30 hadi 79, walikuwa katika hali hiyo, na karibu nusu yao hawakuwa na habari.

Katika nyanda za kati mashine ya kupimia imekuwa zawadi ya mwana kwa mzazi. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, watumishi wengi walijikuta karibu na wazee wao wa Kongwa, Mpwapwa na Kondoa. Mwana anayefanya kazi Mtumba humpelekea mama yake kijisanduku chenye kioo cha tarakimu, mpira wa hewa na mkanda wa kufunga mkononi. Zamani angepeleka blanketi.

Kijisanduku hicho kina ukoo mrefu. Stephen Hales wa Uingereza aliandika mwaka 1733 jinsi alivyochoma mshipa wa farasi na kutazama damu ikipanda katika bomba la kioo. Scipione Riva-Rocci wa Italia alileta mkanda wa mkononi na zebaki mwaka 1896, na Nikolai Korotkoff wa Urusi akaeleza mwaka 1905 sauti ambazo daktari husikiliza mkanda unapolegezwa. Mashine ya nyumbani haisikilizi sauti. Husikia mitikisiko ya mshipa katika hewa ya mkanda, kisha hukadiria namba mbili, ya juu na ya chini. Kwa kuwa hukadiria, huweza kupotoshwa kwa urahisi.

Sharti zake ni ndogo, lakini nyumba zetu hazikujengwa kwa ajili yake. Mpimwaji akae dakika tano akiwa ametulia, mgongo umeegemea, nyayo zimekanyaga chini, na mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo. Mzee wa Kigogo amezoea kigoda kisicho na egemeo, na mkono wake hulala pajani, chini ya moyo. Hapo namba hupanda bila sababu ya ugonjwa. Mwezi Juni na Julai, upepo wa baridi ukivuma, yeye huvaa koti, na mjukuu hufunga mkanda juu ya koti. Mkanda mwembamba katika mkono mnene nao husema uongo, tena daima kwa kuzidisha.

Gumu kuliko yote ni kunyamaza. Mazungumzo hupandisha namba, kwa hiyo mpimwaji hatakiwi kujibu neno. Lakini jirani akibisha hodi na kusema "Mbukwenyi", ni mzee gani atakayemkalia kimya? Salamu za huku hazikatwi katikati. Baada ya watu huulizwa mifugo, na baada ya mifugo shamba. Kumwambia bibi avunje adabu kwa ajili ya mashine ni kumwomba kitu kikubwa kuliko vidonge. Afadhali apimwe alfajiri, kabla ya wageni, kabla ya chai na kabla ya dawa. Na jioni mjukuu akae mlangoni azipokee salamu kwa niaba yake.

Namba moja haitoshi. Hupimwa mara mbili kila asubuhi na kila jioni, kwa kupisha dakika moja, muda wa siku saba. Siku ya kwanza hutupwa, na zilizobaki hutafutiwa wastani. Hospitali huanza kuhofu kwenye 140 kwa 90, bali nyumbani mpaka ni 135 kwa 85, kwa maana wengi hupanda kwa kuliona tu koti jeupe. Ikipita 180 kwa 120, pamoja na maumivu ya kifua, ulimi mzito au udhaifu wa upande mmoja, hakuna tena la kupima. Ni kwenda hospitali.

Lakini namba inayoua kwa utulivu ni ile nzuri. Bibi huona 128 kwa 80, husema presha imekwisha, huweka vidonge kabatini na kurudia mlenda wake wenye magadi na chumvi tele. Namba ile ilikuwa kazi ya vidonge. Baada ya majuma kadhaa hupanda tena, naye hasikii kitu.

Jioni mwana hupiga simu kuuliza presha. Mama hujibu, "Njema, mwanangu." Amejibu kama salamu inavyojibiwa, maana hakuna mzazi ajibuye salamu ya mwanawe kwa 172 kwa 104. Mashine nyingi, hata hivyo, huhifadhi vipimo vilivyopita, na mjukuu anajua kitufe cha kubonyeza.