pH na Ualkali: Hali ya Maji na Akiba Yake

Wengi wanaofuga matumbawe hai katika tangi la kioo nyumbani huchanganya mambo mawili yasiyokuwa mamoja: pH na ualkali. pH ni hali ya maji kwa saa ile ile. Yatuonyesha kama maji yameelemea tindikali au alkali. Ualkali ni akiba iliyomo majini ya kuizuia tindikali isiyashinde. Na katika akiba hiyo ndimo matumbawe yapatapo kitu cha kujengea mifupa yao.

Mimi ni mwalimu wa chuo, wala sikusoma kemia. Matumbawe niliyajua kwa mawe ya nyumba zetu za pwani na kwa chokaa yake. Lakini majira ya baridi nilikwenda London kumzuru mwanangu, mwenye tangi la lita 200, nikayaona haya kwa macho yangu.

Kijana alipima pH asubuhi, akakuta 7.8, hali bahari huwa karibu na 8.1. Akaingiwa na hofu, akatia magadi soda kijiko baada ya kijiko. Kwa siku 3 ualkali ukapanda kutoka daraja 8 hadi 12 za kipimo cha Kijerumani, hali bahari ina kama 7. pH nayo haikupanda ila chembe. Ncha za matumbawe zikageuka nyeupe, na wajukuu zangu wakawa hawabanduki mbele ya kioo.

Mkewe akamwuliza, "Bwana, dawa hii ni ya ugonjwa gani?" Akateka maji ya tangi katika jagi, akalitoa nje, akayapulizia hewa kwa pampu ndogo muda wa saa moja. Walipopima wakakuta 8.3.

Basi sababu ikadhihirika. Kwa ajili ya baridi, madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Watu wanapumua na jiko la gesi linawaka. Hewa ya kaboni ikajaa nyumbani, ikaingia majini, ikawa tindikali. Usiku huzidi, kwani miani haiitumii hewa hiyo pasipo mwanga. Maji hayakupungukiwa na akiba. Yalipungukiwa na hewa safi.

Wakaacha magadi, wakafungua dirisha kidogo, na pampu ya tangi wakaiwekea mpira wa kuvuta hewa ya nje. Ualkali ukashuka polepole kwa kutumiwa na matumbawe, na pH ikakaa kwenye 8.1. Tumbawe moja lilikufa, yaliyosalia yalipona.

Kwa hiyo, enyi vijana mnaopenda ufugaji huu, pimeni vyote viwili, na kila siku kwa saa ile ile, kwa kuwa pH hushuka alfajiri na kupanda jioni. pH ya 7.8 hadi 8.4 yatosha, na ualkali wa 7 hadi 11, maadamu haurukiruki. Ualkali ukipungua, gramu 3 za magadi soda safi katika lita 100 huupandisha kwa daraja 1, wala msizidishe hapo kwa siku. Lakini pH ikiwa chini na ualkali u mzima, msiguse kopo la magadi. Fungueni dirisha kwanza, kisha mpime tena.